Nafasi ya Mashine Ambayo Haikuja

Sentimita 75 si kipimo cha alizeti. Najua nikisema hivi wenzangu wa darasani watanuna, maana sisi tunaosomea uhandisi wa kilimo tumeikariri namba hiyo kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Lakini alizeti haijui sentimita. Inajua maji, mwanga na udongo. Ikipata nafasi inanenepa kichwa, ikibanwa inakonda. Sentimita 75 ni kipimo cha kitu kinachotarajiwa kupita katikati ya mistari ya alizeti, na ugomvi wangu ni kwamba kwetu Singida kitu hicho hakijapita.

Nimekulia Ikungi. Kule mvua ni ya msimu mmoja: inaanza Novemba mwishoni au Desemba, Aprili imeshaaga, na ikikukuta hujajiandaa haikusubiri. Ukisafiri barabara ya Dodoma kwenda Singida utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa mezani kando ya lami, yanang'aa juani. Hayo ndiyo ada zetu za shule na ndiyo mabati ya nyumba zetu. Kwa hiyo bwana shamba akija na kamba yenye mafundo, akasema 75 kati ya mstari na mstari, 30 kati ya shimo na shimo, mche mmoja kwa shimo, watu wanamsikiliza. Na tangu mwaka 2021, serikali ilipoiweka Singida mbele pamoja na Dodoma na Simiyu katika kampeni ya alizeti ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula, kamba hiyo imekuwa kama msahafu. Anayepanda kwa kamba ni mkulima bora. Anayerusha mbegu nyuma ya plau ni mshamba.

Mama yangu alikuwa mkulima bora. Januari moja nilirudi nyumbani nikiwa na kompyuta iliyojaa makala kuhusu mashine za miwa, maana utafiti wangu wa shahada ya uzamili ni juu ya miwa, zao ambalo pale kwetu tunaliona sokoni tu. Nilimkuta shambani anapalilia. Alizeti ilikuwa inafika magotini, imenyooka kwenye mistari yake kama wanafunzi paredi, na katikati ya mistari yalikuwa yamejaa magugu ya kila jina. Nikavua viatu, nikachukua jembe. Tulipofika nusu ya mstari wa tatu akasimama, akashika kiuno, akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe uliyesoma. Hii nafasi yote hapa katikati ni ya nani?"

Nikamwambia, "Ni ya mashine kupita, Mama."

"Mashine gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na makala mia moja na ishirini kwenye kompyuta, na sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, na ninaandika hapa kwa sababu nadhani nimelipata, na jibu lenyewe linatia aibu.

Tuanze mbali kidogo. Kwa miaka mingi wakulima wa mahindi wa Marekani walipanda mistari yao kwa umbali wa karibu mita moja, inchi 40 au zaidi kidogo. Mahindi hayakuomba nafasi hiyo. Farasi ndiye aliyeihitaji, kwa sababu alipaswa kupita katikati ya mistari akivuta jembe la palizi bila kuvunja mimea. Trekta liliposhika nafasi ya farasi na dawa za kuua magugu zikaingia, mistari ikaanza kusogezwa, ikafika inchi 30, ambazo ni sentimita 76. Tazama namba hiyo, kisha tazama kamba ya bwana shamba wa Ikungi. Huhitaji kuwa mpelelezi kuona undugu wao.

Sina ugomvi na wakulima wa Marekani. Walifanya jambo la akili: waliangalia kile kinachopita shambani mwao, wakapima nafasi kwa hicho. Farasi alipoondoka wakabadilisha kipimo. Sisi tumechukua kipimo chao cha mwisho bila kuuliza nini kinapita shambani mwetu.

Miwa ndiyo iliyonifundisha jambo hili, na ndiyo maana sijutii kuisoma. Kule Queensland, Australia, ambako miwa hukatwa kwa mashine, mistari ilizoeleka kuwa na umbali wa mita moja na nusu. Mashine za kuvunia na matela ya kubebea, hata hivyo, zina upana kati ya gurudumu na gurudumu unaokaribia mita 1.8 na zaidi. Chora kwenye karatasi utaona tatizo: magurudumu hayawezi kukaa katikati ya nafasi. Yanaangukia pembeni mwa mashina, yanakandamiza udongo palepale mizizi ilipo. Na muwa haupandwi kila mwaka. Unakatwa, unachipua tena, unakatwa tena. Kosa la msimu wa kwanza linarithiwa na machipukizi ya msimu wa pili na wa tatu. Kuanzia mwaka 1993 watafiti wa huko walikaa pamoja kuuliza kwa nini mavuno yamedumaa, na moja ya majibu yao lilikuwa hili: mstari na gurudumu havijuani. Wakashauri mistari ipanuliwe ilingane na magurudumu, na juu ya kila tuta pana ipandwe mistari miwili iliyokaribiana, ili mashine ipite njia yake na muwa ukae nyumbani kwake.

Katika miaka hiyohiyo wapo waliojaribu njia ya pili: kubananisha. Walipanda miwa kwa mistari ya nusu mita. Hoja yao ilikuwa nzuri. Majani yakikutana mapema yanakamata mwanga wote na kuyanyima jua magugu. Majaribio ya mwanzo yalileta matumaini makubwa, lakini ya baadaye yaliyapunguza, kwa sababu muwa ni mmea unaojirekebisha: ukiupa nafasi unatoa machipukizi mengi, ukiubana unatoa machache, na mwisho wa siku tani hazipishani kama ilivyotarajiwa. Isitoshe, hakukuwa na mashine ya kupanda wala kuvuna miwa iliyobanana hivyo. Ilibidi ibuniwe upya. Walioamua kubananisha walijua tangu mwanzo kwamba wanaamua pia kuhusu mashine. Hakuna aliyekwenda kwa mkulima na kamba peke yake.

Hapo ndipo somo lilipo. Kila nafasi kati ya mistari ni ahadi. Ukimwambia mtu apande kwa 75 umemwahidi kwamba kuna kitu kitapita hapo kung'oa magugu. Ukimwambia abananishe umemwahidi kwamba majani yenyewe yatafanya kazi hiyo. Lakini ukimpa nafasi pana na usimpe cha kupita, umempa uwanja wa magugu, na umeshaamua, bila kusema, nani ataufyeka. Kwetu anayeufyeka ni mama.

Na hili halikuanza na kamba. Lilianza na plau. Singida ni nchi ya ng'ombe. Wanaume wa kwetu wanalima kwa maksai na wanajivunia, na wana haki ya kujivunia. Plau ikiingia nyumba iliyokuwa inalima ekari mbili kwa jembe la mkono, nyumba hiyo inalima tano. Lakini plau inaongeza ekari, haiongezi mikono. Ekari tano zimelimwa kwa siku chache na ng'ombe wawili na mwanamume mmoja. Ekari hizohizo zinapaliliwa kwa wiki nyingi na mwanamke na watoto wake, wameinama. Januari shule zinafunguliwa na magugu yanafunguliwa. Kila mwalimu wa kijijini anajua kwa nini dawati fulani liko wazi wiki mbili za mwanzo.

Sasa swali: kwa nini ng'ombe haohao waliolima wasipalilie? Jembe la palizi la kukokotwa na ng'ombe lipo, na ni chombo cha zamani. Nilimuuliza baba mdogo, ambaye ndiye mwenye maksai. Akacheka, akanipeleka nyuma ya ghala. Chini ya magunia kulikuwa na jembe la palizi la chuma, meno matano, kutu tupu. Alilinunua miaka mingi nyuma, akalijaribu asubuhi moja, akalitupa. "Linaharibu mimea," akasema. "Ng'ombe wanakanyaga kila kitu. Hizo ni mashine za kwenye vitabu."

Kama ni zamani ningemwamini. Lakini nilikuwa nimeshinda miezi sita nikichora magurudumu ya mashine za miwa, kwa hiyo nikaomba futi ya cherehani ya mama mdogo, nikaenda kuipima nira.

Nira ya kulimia ni fupi. Inatakiwa iwe fupi, kwa sababu ng'ombe mmoja anatembea ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa na mwenzake anatembea pembeni. Ile ya baba mdogo ilikuwa na sentimita 90 kutoka katikati ya shingo hadi katikati ya shingo. Sasa weka hiyo juu ya shamba lenye mistari ya 75. Jembe la palizi linapita katikati ya mistari miwili, kwa hiyo mstari wa kushoto uko sentimita 37 na nusu kutoka kwenye jembe, na wa kulia vilevile. Ng'ombe wa kushoto yuko sentimita 45, wa kulia 45. Wanatembea juu ya alizeti! Si kwamba ng'ombe ni wajinga wala jembe ni bovu. Ili kila ng'ombe atembee katikati ya nafasi yake, kila mmoja upande wake wa mistari ile miwili, shingo na shingo zinapaswa kuachana mara mbili ya 75, yaani sentimita 150.

Kilichokosekana kilikuwa mti. Mti mrefu zaidi kidogo, wenye matundu mahali tofauti. Kosa lilelile la Queensland, gurudumu na mstari kutojuana, lilikuwa limelala nyuma ya ghala letu kwa miaka, na gharama yake imelipwa na mgongo wa mama yangu.

Ndiyo maana nasema jibu linatia aibu. Tumekuwa na mbegu za semina, vipeperushi, mashamba darasa, kamba zenye mafundo. Katika semina zote ambazo mama amehudhuria, na amehudhuria nyingi kuliko mimi, hakuna aliyewahi kutamka kipimo cha nira. 75 ilitajwa kila mara. 150 haikutajwa hata mara moja.

Wapo watakaoniambia kwamba zama za ng'ombe zimepita, kijana msomi anaturudisha nyuma badala ya kudai matrekta. Nawaomba wapande basi nami kutoka Singida kwenda Morogoro. Baada ya Dodoma linapita Kibaigwa, ndani ya wilaya ya Kongwa. Hapo mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, wakitaka kulima mamilioni ya ekari kwa mashine. Walileta matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita vya Sherman. Vichaka viliwashinda, udongo uliokaukia jua ukawa mgumu kama saruji, mvua ikawakimbia, na mwaka 1951 mradi ukazikwa. Walikuwa na mashine kuliko mtu yeyote aliyewahi kulima ukanda huu wa kati. Walichokosa ni kumuuliza mtu wa pale, na kuuliza udongo wa pale, kabla ya kushusha mzigo melini.

Au tuje karibu. Mwaka 2009 tulikuwa na Kilimo Kwanza, na pawatila zikasambazwa nchi nzima. Ni mashine nzuri kwenye jaruba la mpunga lenye maji, ndiko ilikozaliwa. Kwenye udongo wetu mkavu inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Wakulima si wajinga; walizifungia matela, zikabeba maji, matofali na abiria wa mnada. Tukawacheka kwamba wametumia vibaya mashine za kilimo. Mimi nadhani waliitafutia kazi mashine ambayo waliomtuma hawakuitafutia.

Sipingi trekta. Trekta linalolima ekari ishirini kwa siku ni neema, na mwenye nalo namuombea afya. Ninachopinga ni kuliita trekta la kulimia "mapinduzi ya kilimo" wakati linafanya kile ambacho plau ilishafanya: linapanua shamba kisha linaondoka. Msimu mmoja mtu wa kukodisha trekta alitupandia kwa mashine, mistari imenyooka kama rula. Tulipompigia simu kuuliza kuhusu palizi, alituambia hana kifaa hicho. Akashauri tutafute vibarua.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi, na limetoka kwa rafiki yangu wa darasani. Alisema: kama mashine haiji, basi bananisheni. Hesabu inamuunga mkono. Ukipanda 50 kwa 45 unapata idadi ileile ya mimea unayopata kwa 75 kwa 30, elfu 44 na ushee kwa hekta, maana eneo la kila mmea ni lilelile. Tofauti ni kwamba mimea imesambaa sawasawa zaidi, na majani yanafunika ardhi mapema, kama ilivyokuwa hoja ya wale wa miwa ya nusu mita. Nimemwambia kwamba kwa mtu asiye na ng'ombe kabisa, na wapo wengi, hilo linastahili kujaribiwa mashambani kwao, si kwenye kituo cha utafiti peke yake. Inawezekana likapunguza palizi moja. Lakini mwenye kubananisha amefunga mlango: ng'ombe hapiti tena, na palizi ya kwanza, kabla majani hayajakutana, bado ni ya mkono. Kwa hiyo chaguo ni mbili, na kila moja ina gharama yake. Kinachoniudhi ni kwamba mkulima wa Singida hajawahi kuwekewa chaguo hizo mezani. Aliwekewa kamba.

Tulichonga nira ndefu. Fundi alitaka kujua kama tuna wazimu. Siku ya kwanza maksai walikataa. Wamezoea kutembea bega kwa bega, na sasa kila mmoja alijiona yuko peke yake duniani. Mdogo wangu aliwatembeza kwenye uwanja mtupu siku nne. Tuliposhuka shambani wakagundua kwamba alizeti changa ni tamu, tukalazimika kuwasukia vikapu vya mdomoni. Mstari wa kwanza tuliuharibu. Wa pili tuliuharibu nusu. Kufikia mchana tulikuwa tunakwenda, mdogo wangu mbele ameshika kamba, mimi nyuma nimeshika mpini, na magugu yanapinduka mizizi juu.

Mama alikuja nyuma yetu na jembe la mkono. Kazi haikuisha, kwa sababu meno ya jembe hayafiki kati ya shimo na shimo, zile sentimita 30. Lakini alikuwa anagusa hapa na pale badala ya kufyeka uwanja mzima, na shamba ambalo humaliza wiki tatu alilimaliza siku tano. Sitaki kuligeuza hili kuwa takwimu. Ni shamba moja na msimu mmoja. Baba mdogo alisimama kwenye kivuli akitazama, hakusema kitu. Jioni aliiomba ile nira.

Basi madai yangu ni madogo, na udogo wake ndio unaonikera, kwa sababu yangeweza kutimizwa zamani. Bwana shamba anayetaja 75 ataje na 150, siku hiyohiyo, kwenye kipeperushi kilekile. Wanaogawa mbegu kwa mkopo wakopeshe na jembe la palizi. Mafundi wa SIDO na vijana wa VETA pale Singida mjini wapewe kazi ya kutengeneza majembe hayo na meno ya akiba, na walipwe. Na sisi tunaoandika tasnifu tuanze na swali la anayepalilia kabla ya kufungua kompyuta. Mimi bado naandika kuhusu miwa. Msimamizi wangu ameridhia sura moja ihusu nira, ingawa aliniuliza mara mbili kama nimemaanisha kweli nira.

Nilipompigia mama kumweleza, aliniuliza sura hiyo ina kurasa ngapi. Nikamwambia labda thelathini. Akacheka sana. "Kwa mti mmoja?" akasema. Kisha akaniambia mvua imeanza, na akakata simu.